Kiti cha Pili: Mke na Mume Kwenye Lori Moja

Baba yangu aliendesha semi kati ya Dar es Salaam na Lubumbashi, na mama aliifuatilia ndoa yake kwa simu: amevuka Mikumi, amepanda Kitonga, yuko mizani Makambako, amekwama Kasumbalesa. Kiti cha pili ndani ya lori lile kilikuwa cha utingo. Sasa mimi na mume wangu tunaendesha lori moja Marekani, kila mmoja na leseni yake, na ndugu zetu wa Tunduma hawaachi kuuliza: mnawezaje kukaa pamoja usiku na mchana bila kuchokana?

Hatukai pamoja. Wanaotaka kuanza kazi hii wakiwa wanandoa walielewe hilo kabla ya yote, kwa sababu wengi huingia wakidhani ni fungate yenye mshahara. Sheria ya hapa inamruhusu dereva wa mizigo kuendesha saa 11, tena ndani ya saa 14 tangu aanze kazi, kisha apumzike saa 10 mfululizo. Kifaa kilichounganishwa na injini kinarekodi kila dakika, kwa hiyo hakuna cha kubembeleza. Lori la dereva mmoja hulala naye. Letu halilali: mimi nikimaliza saa zangu, mume wangu anashika usukani, nami nahamia kitandani nyuma ya viti. Nikiamka, yeye ndiye anayetafuta shuka. Tunazungumza vizuri tukisimama kujaza mafuta na kuoga. Sheria yenyewe inatupa nafasi kidogo: hadi saa 3 za kukaa kiti cha abiria lori likitembea zinahesabiwa kama mapumziko, mradi zimepakana na saa 7 mfululizo za kitandani. Hizo saa 3 tunazilinda. Hapo ndipo tunapopanga ada za watoto, tunapompigia mama, na siku nyingine tunapokaa kimya tu tukiitazama barabara ya Interstate 40 ikikatiza New Mexico.

Jambo gumu kuliko yote ni usingizi. Kulala ndani ya lori lenye uzito wa pauni 80,000, yaani zaidi kidogo ya tani 36, likiwa katika mwendo kasi ni ujuzi wa kujifunza. Kitanda kina mkanda au wavu wa kukuzuia usirushwe dereva akifunga breki ghafla, na ni lazima kuufunga. Lakini mkanda hauutulizi moyo. Upepo wa Wyoming ukilisukuma tela ubavuni, unafumbua macho na kusikiliza: amepunguza mwendo? Ana usingizi? Mtu unayemwamini kwa fedha na kwa watoto, je, unamwamini kwa roho yako ukiwa umelala? Nimeona wanandoa wanaopendana sana wakiiacha kazi hii kwa sababu mmoja hakuweza kufumba macho mwenzake akiendesha, na dereva asiyelala mchana hana haki ya kugusa usukani usiku. Kwetu kuna sharti moja: aliyeshika usukani ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu kusimama. Akisema barafu imezidi au macho yamechoka, tunaegesha, hata kama mzigo utachelewa na ofisi itapiga simu. Aliyeko kitandani habishi.

Kwa nini nyumbani hatuoni mke na mume wakiendesha hivi? Watu husema ni mila. Mila ipo, na wanawake wanaoendesha malori makubwa Tanzania bado ni wachache, ila nadhani sababu kubwa ni barabara yenyewe. Madereva wawili wana maana pale ambapo lori linaweza kutembea bila kusimama, maana mteja hapa analipia muda. Kati ya Dar es Salaam na Tunduma kuna kilomita zisizofika 1,000, lakini muda unaliwa na Vigwaza, na Mikese, na mizani nyinginezo, halafu foleni ya mpakani. Kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde kilianza kazi 2019, na hata hivyo kila dereva wa njia ile anajua maana ya kulala kwenye foleni. Dereva wa pili hawezi kuifupisha. Ndiyo maana kiti cha pili amekaa utingo: analinda mafuta na turubai usiku, anabadilisha tairi, anaweka kigingi lori likisimama mlimani, anapika ubwabwa pembeni ya tela.

Na nitamtetea utingo popote. Baba alianza hivyo, na alipopewa usukani alikuwa tayari anaijua Kitonga kwa sikio, gia gani na wapi. Mimi nilipata leseni ya daraja A baada ya wiki chache za shule, kwa mafunzo ambayo tangu Februari 2022 ni ya lazima kwa kila anayeanza, kisha kampuni ikaniweka na mkufunzi. Shule za hapa zinafundisha sheria na ukaguzi wa lori kwa makini ambayo natamani tungekuwa nayo nyumbani. Hazifundishi subira ambayo utingo huipata kwa miaka. Wanandoa wajue pia kwamba kampuni nyingi huwatenganisha wakati wa mafunzo, kila mmoja na mkufunzi wake, kwa wiki kadhaa. Ulizeni hilo mapema, hasa kama mna watoto. Wa kwetu wapo na bibi yao, na hiyo ndiyo bei ya kazi hii ambayo hakuna tangazo linaloitaja.

Sasa fedha. Malipo ni kwa maili, na lori la watu wawili linaweza kukata maili 5,000 kwa wiki ambapo la mmoja mara nyingi halifiki 3,000. Tangazo likisema senti 70 kwa maili, uliza: kwa kila dereva au kwa lori zima? Mara nyingi ni kwa lori, mnagawana. Madereva wa nyumbani waligoma 2015, na moja ya hoja zao kuu ilikuwa mikataba ya ajira, kwa sababu wengi waliishi kwa posho ya safari bila karatasi. Hapa karatasi zipo nyingi, na baadhi ni mtego. Mkataba wa kukodi lori hadi ulinunue unawavutia sana wanandoa: mnaambiwa mtakuwa wamiliki. Makato ya kila wiki yanaendelea hata lori likiwa gereji, na mkiondoka kabla ya kumaliza, lori linabaki la kampuni. Kamati iliyoundwa na serikali ya Marekani kuichunguza mikataba hiyo ilipendekeza mwanzoni mwa 2025 kwamba ipigwe marufuku.

Kwa dada zangu nina neno zaidi. Mikataba kama hiyo mara nyingi huandikwa jina la mume, mke akaendesha nusu ya maili bila malipo kwa jina lake. Social Security, mfuko wa pensheni wa hapa, huhesabu mapato ya kila mtu kivyake, na pensheni ya jasho lako mwenyewe inahitaji alama 40, ambazo kwa kawaida ni miaka 10 ya kazi. Ukiendesha, ulipwe wewe.

Jifunzeni Kiingereza cha barabarani pia. Tangu Juni 2025, dereva anayeshindwa kuzungumza na mkaguzi anaweza kusimamishwa palepale, na mwenzake asipokuwa na saa zilizobaki, mzigo umekwama. Masharti ya leseni kwa wasio raia nayo yamekuwa yakibadilika, hivyo ulizeni ofisi ya leseni ya jimbo lenu kabla ya kulipa ada ya shule.

Anzeni kama waajiriwa, kila mmoja na karatasi yake ya malipo, na msisaini mkataba wa lori mwaka wa kwanza, hata ofisi ikiwasifia vipi.