Peugeot na Datsun katika Mteremko wa Nithi



Nyumbani kwetu Nkubu yamo magari mawili ya kale: Peugeot 504 la mume wangu, lile refu lenye safu tatu za viti, na Datsun 160J la shemeji yangu. Kila Idi ikikaribia, tunapojiandaa kuteremka Mombasa kwa wazee, huzuka mjadala ule ule: twende na lipi?

Yote mawili yana nasaba. Peugeot 504 lilishinda mashindano ya Safari Rally mwaka 1975 na 1978; kisha Shekhar Mehta akayashinda miaka minne mfululizo, 1979 hadi 1982, akiendesha Datsun. Sifa pekee, basi, haikati shauri.

Nimeyaendesha yote. Datsun ni jepesi. Hupanda vilima vya Igoji bila kulalamika, na usukani wake hutii papo hapo. Lakini wakishajaa watu wazima na mizigo, nyuma hulala, mbele huinuka, nalo huanza kuyumba kwenye kona. Peugeot hujikokota mlimani, ila springi zake humeza mashimo, na likijaa watu ndipo linapotulia.

Hata hivyo, barabara ya Nkubu kwenda Embu humpima dereva mteremkoni. Hukatiza mabonde ya Mutonga, Nithi na Thuci. Na katika daraja la Nithi, Julai 2022, ajali moja ya basi iliangamiza watu zaidi ya 30. Hapo uzito unaotustarehesha ndani ya Peugeot ndio unaolisukuma chini. Breki zikikanyagwa mfululizo hupata moto, na zikipata moto hazishiki. Dawa ni kuingiza gia ndogo kabla mteremko haujaanza, injini yenyewe ilizuie gari. Kuteremka bila gia ili kubana petroli ni kuiuza roho kwa thamani ya lita moja.

Rai yangu ni hii: Datsun kwa mtu mmoja au wawili, Peugeot kwa familia, kwa sharti la gia. Sharti hilo tulisimamie sisi kina mama tunaokaa nyuma na watoto. Wengi wetu hunyamaza tukidhani kimya ndiyo heshima. Kumwambia mume au mwana apunguze mwendo si utovu wa adabu. Mtume (s.a.w.) alimfundisha mtu amfunge ngamia wake, kisha atawakali. Nasi tusome dua ya safari, na tuseme panapostahili kusemwa.

Allah atujaalie safari za salama. Amin.