Paka Mweusi wa Mama



Niliporudi nyumbani Mhezi kwa likizo ya Juni, nilimkuta paka mweusi amelala jikoni karibu na mafiga. Mama alinieleza kwamba familia moja ya jirani ilihamia Same mjini ikamwacha. Huku kwetu milimani hakuna makao ya wanyama waliotelekezwa. Paka aliyeachwa huhangaika mlango hadi mlango. Huyu alifukuzwa kwa mawe kwa sababu ya rangi yake tu. Kwa mama alipewa makande yaliyobaki, naye akabaki.

Alikuwa mpole ajabu. Mama akikaa kuchambua maharage, paka alijisugua miguuni pake, kisha akapanda mapajani na kukoroma taratibu. Tangu baba afariki, nyumba yetu ilikuwa kimya mno jioni.

Lakini mimi sikufurahi. Njiani nilikuwa nimesikia maneno: paka mweusi ni wa kichawi. Usiku nikasema, "Mama, mtoe huyu. Watu watasemaje, na mwanao anasomea upadre?"

Mama hakuinua macho. "Mwanangu, huko seminari mnafundishwa kumwogopa Mungu au kumwogopa paka?"

Sikuwa na jibu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2416, inafundisha kwamba wanyama ni viumbe vya Mungu na tunawajibika kuwatendea wema. Namba 2418 inakataza kuwatesa bila sababu, tena inaonya tusiwape mapendo wanayostahili wanadamu peke yao. Hayo niliyajibu vizuri kwenye mtihani. Nyumbani nilishindwa na uvumi.

Nikamkumbuka Mtakatifu Martini wa Porres, bruda Mdominiko wa Lima, Peru, aliyefariki mwaka 1639. Picha zake huonyesha mbwa, paka na panya wakila sahani moja miguuni pake. Naye alidharauliwa kwa rangi ya ngozi yake, lakini alihudumia wagonjwa na maskini bila kinyongo, na wema ule ule ukawafikia wanyama.

Tukampeleka paka kwa afisa mifugo achanjwe kichaa cha mbwa, kwa maana ugonjwa huo huwapata paka pia. Mama akaacha kutega sumu ya panya, asije akala panya aliyekufa kwa sumu.

Juma lililofuata jumuiya ilisali kwetu. Jirani mmoja alikataa kuingia ndani, akasali akiwa uani. Baada ya sala, mama alimpelekea chai huko huko nje, akakaa naye, wakazungumza habari za shamba. Hakumlaumu hata kidogo.

Nilikuwa nimejiandaa kumhubiria jirani yule juu ya ushirikina. Nilipoona vikombe viwili pale uani, nikanyamaza, nikaenda kuongeza chai.