Sanduku la Kadi za Mpwa Wangu



Ninyi wa upande wa Kalemie mnanijua, maana nilifundisha katekismu kwenu kabla ya kupata viza kwa bahati nasibu na kuja huku Marekani, katika jimbo la Indiana. Siku za kazi niko kiwandani, tunaunda zile nyumba ndogo za magurudumu zinazokokotwa na motokari. Jumamosi nawafundisha dini watoto wa Wakongo wenzetu kwa Kiswahili. Dada yangu alitangulia kufika huku kutoka kambi ya Nyarugusu. Yeye hufanya kazi usiku, basi mtoto wake wa kiume, mwenye miaka 14, hulala kwangu. Habari ya leo ni habari ya huyo mtoto na sanduku lake la viatu, na kosa nililolifanya mimi mjomba wake.

Si mbali na kwetu, pale South Bend, iko universite ya Notre Dame. Aliianzisha padri Mfaransa, Edward Sorin, wa Shirika la Msalaba Mtakatifu, mwaka 1842. Juu ya paa lake la dhahabu imesimama sanamu ya Bikira Maria, na wachezaji wake wa mpira huvaa kofia ngumu za rangi hiyo hiyo ya dhahabu. Mpira wao si kama wetu. Una ncha mbili, watu huukumbatia na kukimbia nao, na kuangushana kwa nguvu mpaka mgeni ahurumie mifupa yao. Lakini watu wa huku wanaupenda kama sisi tunavyoupenda wa miguu, na mpwa wangu aliupenda tangu mwezi wa kwanza, hata kabla ya kujua Kiingereza.

Katika sanduku lile anaweka kadi zenye picha za wachezaji, na si kadi zo zote. Kijana akimaliza kucheza universite, timu za wachezaji wa mshahara humchagua, moja baada ya nyingine kwa zamu, kila mwaka mwezi wa nne. Kisha kampuni kama Topps huchapa kadi yake ya mwanzo. Hiyo ndiyo inayotafutwa; zinazofuata miaka ya baadaye hazina bei sana. Sasa ona ajabu yake: katika kadi za zamani, anayeipenda Notre Dame mara nyingi haioni Notre Dame. Wanafunzi walikatazwa kupokea fedha kwa ajili ya jina na picha zao mpaka mwaka 2021, na kadi ya mwanzo mara nyingi ilimwonyesha kijana akiwa amekwisha kuvaa nguo za timu nyingine. Jina la universite ukilitafuta, geuza kadi. Liko nyuma, kwa herufi ndogo kama za misale.

Jirani yetu mmoja, mzee Mkatoliki, ndiye aliyemfundisha. Anayo kadi ya Joe Montana, na humruhusu mtoto kuishika ikiwa ndani ya plastiki. Huyu Montana, tarehe 1 Januari 1979, alicheza mchezo wake wa mwisho wa universite kule Dallas, siku ya baridi kali, naye ni mgonjwa. Houston walikuwa na 34, Notre Dame 12. Wakamnywesha supu ya moto, akarudi uwanjani, wakashinda 35 kwa 34. Hata hivyo mwaka ule ule alichaguliwa wa 82, na kadi yake ya mwanzo haikuchapwa mpaka 1981. Baadaye alitwaa ubingwa wa nchi mara nne. Na kuna Alan Page. Alipokuwa kijana pale Canton alifanya kazi ya ujenzi kwenye nyumba ya kumbukumbu ya wachezaji wakuu; mwaka 1988 yeye mwenyewe akapokewa humo. Kadi yake ya mwanzo ni ya 1970. Haisemi kwamba mtu huyu atakuwa hakimu wa mahakama kuu ya Minnesota tangu 1993 mpaka 2015. Ingesemaje?

Mimi, kusema kweli, niliviona vitu hivi kuwa upuzi. Lakini polepole nikaanza kujua bei, na kujua bei kukaniharibu.

Mwaka 1993 vijana wawili wa Notre Dame walichaguliwa pamoja: Rick Mirer, mrusha mpira, wa pili katika nchi nzima, na Jerome Bettis, mkimbiaji, wa kumi. Watu walimkimbilia Mirer. Alianza vizuri, kisha akadidimia, akahamahama kutoka timu hata timu. Bettis alikimbia miaka 13, akamaliza kwa ubingwa mwaka 2006 katika Detroit, mji alikozaliwa. Kadi za miaka ile zilichapwa nyingi mno, basi ya Mirer leo hainunui hata mkate. Mpwa wangu alikuwa nazo 11.

Siku yake ya kuzaliwa ilipokaribia, nikatoa sandukuni, bila kumwuliza, kadi zote za wale walioshindwa, kama 200, nikazifunga kwa mpira, nikazipeleka kwenye gulio la kadi. Mchuuzi mmoja akazipokea, akanipa badala yake kadi moja ya Bettis, safi, inayong'aa. Nilirudi nyumbani nikijiona mfanyabiashara hodari.

Mtoto aliifungua, akaitazama, akasema asante, kama alivyofundishwa. Kisha akafungua sanduku.

«Wengine wako wapi, mjomba?»

Nikamweleza kwamba hawakuwa na faida. Hakujibu. Hakula usiku ule, wala Jumamosi hakuja katekismu. Mke wangu akaniambia, «Baba, umewatupa watu wake.» Yule mzee jirani, ambaye nusu ya kadi zile alizitoa yeye, alinitazama tu akaingia ndani.

Jumamosi iliyofuata niliacha darasa langu mikononi mwa mwingine, jambo ambalo sikuwahi kulifanya, nikamchukua mtoto mpaka Fort Wayne alikokuwa yule mchuuzi. Biashara imekwisha, akasema. Kadi zetu alikwisha kuzimwaga katika masanduku marefu ya mbao pamoja na maelfu mengine, senti 10 kila moja, atakaye na atafute. Tukatafuta. Tuliinama tangu saa tatu asubuhi mpaka walipoanza kukunja meza. Mtoto alinifundisha kugeuza kwa kidole gumba bila kupinda pembe, na kusoma nyuma: Michigan, acha, Alabama, acha, Notre Dame, weka. Vidole vyangu vimezoea msumari na nyundo, lakini mpaka mchana nilikuwa nimepata mwendo. Alipata wa kwake Mirer kumi, nami nikapata mmoja, nikapiga kelele kama mtu aliyeokota almasi, watu wakageuka.

Nikamwuliza, «Huyu alianguka. Kwa nini unamtaka hata mara 11?»

Akasema, bila kuinua kichwa, «Kwenye kadi hii hajaanguka bado, mjomba.»

Tulipata 163. Nililipa dola 16 na senti 30. Nyingine zimepotea, na lawama yake naibeba mimi.

Njiani kurudi sikuweza kuzungumza. Wenye kunijua wanajua kwamba nilikaa seminari kubwa miaka mitano, nikatoka. Mama yangu, aliye Kalemie bado, ametundika ukutani picha yangu ya siku niliyoingia, nimevaa kanzu nyeupe, shingo nyembamba kama ya kuku. Kila mgeni anaiona. Nimemwomba mara nyingi aiondoe, hata mara moja nilimwomba kwa ukali, kwa simu, kwa kuwa kila aitazamaye huuliza, Je, padri yuko wapi? Naye hunijibu kuhusu mvua na bei ya unga.

Jumapili baada ya Misa nikampigia. Nikamwomba radhi kwa maneno yale ya ukali, nikamwambia picha ibaki. Akasema, «Iko, mwanangu. Ungetaka iende wapi?» Mpwa wangu alikuwa akisikiliza. Akanyosha mkono, nikampa simu.

«Bibi, shikamoo. Iondoe kidogo ukutani. Nyuma yake pameandikwa nini?»

Tukasikia msumari, na fremu ikikwaruza ukuta, na mama akimwita mtoto wa jirani aje amsomee, maana macho yake yamechoka. Sikujua kama kuna neno lo lote pale nyuma. Yule mtoto akasoma polepole mwandiko wa marehemu baba: jina langu, jina la parokia yetu, na mwaka 2008.

Mpwa wangu akaniangalia. «Ni ya mwanzo kweli,» akasema, akamwambia bibi yake airudishe mahali pake, na asiipinde pembe.