Buibui wa Chini ya Kigoda

Nyumba yetu iko Ng'ambo, katika mji wa Tabora. Kuta zake ni za matofali mabichi, na nyufa zake ni nyingi. Zamani naliwachukia buibui wote pasipo kuwachagua. Kila Jumamosi nalishika ufagio, nikawaua wale walio bapa, wakimbiao ukutani upande upande kama kaa wa pwani. Mama yangu alinikataza, akisema, "Waache hao, mwanangu, ndio wanaotumalizia mende." Sikumsikiliza, kwa kuwa mimi nalikuwa na cheti cha ualimu, naye hakuwa nacho.

Hata siku moja, wakati wa mvua, mwanangu mdogo alitia mkono chini ya kigoda kikuukuu ili akivute karibu na moto. Mara akapiga kelele. Kidoleni palikuwa na alama ndogo tu, lakini maumivu yalipanda mkononi, na jasho likamtoka. Jirani alileta wembe apate kumchanja; namshukuru Mungu kwamba nalimzuia. Tulimwosha kwa maji na sabuni, tukamfunika kidole kwa kitambaa chenye maji baridi, tukampeleka hospitali. Usiku ule ulikuwa mrefu kwangu. Siku ya tatu alirudi kucheza.

Nilipokipindua kigoda kile juani, nalimwona adui: buibui wa rangi ya udongo, mnene kama punje ya mbaazi, mwenye miguu ya mabaka meusi. Utando wake haukuwa wa duara, bali nyuzi zilizotatana ovyo. Chini ya tumbo lake palikuwa na alama nyekundu kama kaa la moto, umbo lake kama ngoma iliyobanwa kiunoni. Kando yake vilining'inia vifuko vya mayai, vya mviringo, vyenye vijimiba kama mbigili. Vikumbukeni sana vifuko hivyo, wanafunzi, maana buibui mwenyewe hujificha mchana, lakini vifuko havikimbii.

Wataalamu humwita Latrodectus geometricus, jina alilopewa mwaka 1841. Yeye hamfuati mtu, huuma abanwapo. Sumu yake huweza kuumiza sana, ila ni nadra kuua. Hata hivyo mtoto aliyeumwa asicheleweshwe nyumbani.

Siku hizi vigoda vyetu hupinduliwa kila Jumamosi, viatu hukung'utwa kabla ya kuvaliwa, na kuni huvutwa kwa fimbo, si kwa kutia mkono gizani. Vifuko vikionekana, huchomwa moto. Wale bapa wa ukutani wangali wapo. Mama huwatazama, kisha hunitazama mimi, wala hasemi neno.