Ndege wa Ngangao Wasiovuka Bonde

Wasomaji wengi wa gazeti hili wamepata kupita Voi, ama kwa gari la moshi ama kwa basi la Mombasa, na bila shaka wameiona upande wa magharibi ile milima inayosimama ghafula katikati ya nyika kama kisiwa baharini. Wengi hawaoni zaidi ya hapo, kwa kuwa chombo hakingoji, na mtu akifika Voi fikira zake zimekwisha kutangulia pwani. Mimi nami nilikuwa hivyo hivyo, tena bila udhuru, maana sikuwa mpita njia. Nilihamishiwa Voi kuwa karani wa Serikali, na kwa muda wa miaka miwili nilikuwa nikinakili majina ya misitu ya Taita katika orodha moja baada ya nyingine: Ngangao, Mbololo, Chawia, Vuria, Fururu. Mbele ya kila jina niliandika ukubwa wa eneo, nikajumlisha, nikatia sahihi yangu chini. Kilichomo ndani ya misitu hiyo sikukijua, wala sikuuliza.

Mwezi wa Julai nilipata likizo ya siku chache, nikaamua kupanda mwenyewe. Gari linatoka Voi, linapita nyika ya miiba na mashamba ya mkonge mpaka Mwatate, kisha linaanza kupanda kwa kuzunguka-zunguka kuelekea Wundanyi. Katika mwendo wa chini ya saa moja mtu huhama nchi. Chini niliacha jua kali na mbuzi wanaotafuta jani. Juu nikakuta migomba, matuta ya kabichi yaliyopangwa vizuri mlimani, na baridi iliyonifanya nijute kuliacha koti langu nyumbani. Mvua tunayopata sisi wa Voi kwa mwaka ni kadiri ya nusu tu ya ile ya huko juu. Kilele cha Vuria kina urefu wa zaidi ya futi 7,200 kutoka usawa wa bahari, na upepo wa kusi unaotoka Bahari ya Hindi hugonga hapo kwanza na kuacha ukungu wake.

Ukungu huo ndio asili ya habari yote. Milima ya Taita ni ya kwanza upande wa kaskazini katika safu ya milima ya kale iitwayo Tao la Mashariki, ambayo huendelea Tanzania, ikapita Upare, Usambara na Uluguru hadi Udzungwa. Nyika ilipokauka katika zama za kale sana, misitu ya milimani iliendelea kunyweshwa na bahari, na viumbe waliokuwamo wakabaki humo kama watu waliofungiwa kisiwani. Miaka ikapita mingi isiyohesabika, wakageuka kidogo kidogo, kila mlima na wake. Hii ndiyo sababu Taita ina ndege wasiopatikana mahali pengine po pote duniani.

Ndege hao ni watatu. Wa kwanza ni mkesha wa Taita, mwenye kichwa cheusi, mdomo wa rangi ya chungwa na tumbo jeupe, ambaye hutembea chini kwa chini akipekua majani makavu. Wa pili ni apalisi wa Taita, mdogo sana, mwenye mkia mrefu na jicho la rangi hafifu, mla wadudu wa vichakani. Wa tatu ni wa kijani, na kila jicho lake limezungukwa na duara pana jeupe, mfano wa mwalimu aliyevaa miwani. Huyu hupatikana pia katika mlima wa Kasigau ulio jirani. (Yuko na kozi aitwaye wa Taita, aliyepewa jina hilo vitabuni tangu mwaka 1895, lakini wengi wa jamii yake huishi mbali kusini. Basi asidhani mtu kwamba kila mwenye jina la mahali ni mwenyeji wa hapo.)

Kijana mmoja mwenyeji, aliyepata kuwasaidia wataalamu kunasa ndege kwa nyavu nyembamba na kuwavisha pete za rangi miguuni, alikubali kuniongoza. Tuliingia Ngangao saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Majani yalikuwa yakidondosha maji kama mvua, ingawa mvua haikunyesha. “Karani,” akaniambia, “maji haya ndiyo mnayokunywa ninyi wa chini.” Ni kweli, kwani mto Voi, ambao sisi huuona mchanga mtupu miezi mingi, hutoka katika milima hii.

Alinikataza kusema, tukaketi juu ya gogo. Kwa muda mrefu sikuona kitu ila ukungu na vigogo vya miti mikubwa, na nikaanza kuwaza chai. Juu yetu shorobo alipiga kelele, akaruka, na mabawa yake yakafunguka mekundu kama damu katika kijani kile. Kisha kijana akanigusa goti. Hatua kama kumi mbele yetu jani lilipinduka, halafu jingine, na mkesha akatokea. Alikuwa akifanya kazi yake kwa bidii na bila haraka, kama mwanamke anayechagua mchele, akitupa majani kushoto na kulia. Alituangalia mara moja, akaingia gizani. Ninakiri kwamba mimi si mtu wa kusisimka kwa ndege, lakini nilitoka jasho katika baridi ile.

Apalisi hatukumwona mpaka karibu na adhuhuri, tena kwa sauti kwanza. Walikuwa wawili, dume na jike, wakijibizana katika kichaka karibu na pahali mti ulipoanguka na kuacha mwanga. Huyu ndiye anayetia hofu zaidi. Hesabu zilizofanywa kati ya mwaka 2001 na 2010 zilionyesha kwamba alikuwa amepungua kwa zaidi ya theluthi, na wataalamu wamemwandika katika daraja la walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Waliobaki ni mia chache tu, wakazi wa vipande vya msitu kama Ngangao na Vuria, na nje ya Taita hakuna hata mmoja wa akiba.

Nasema vipande kwa makusudi. Ngangao una kadiri ya ekari 300. Mbololo, ambao ndio mkubwa na wenye mikesha wengi kuliko yote, una kama ekari 500. Chawia una kama 200. Mingine ni midogo mno, hata mkulima tajiri wa Bonde la Ufa angeicheka. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Helsinki walilinganisha picha zilizopigwa kutoka angani mwaka 1955 na nyingine za mwaka 2004, wakaona kwamba nusu ya msitu wa asili uliokuwapo mwaka 1955 ilikuwa imetoweka. Lakini mtu asimamapo mbali haoni upungufu huo, kwa sababu pahali pengi palipokatwa palipandwa misonobari na mikaratusi, na mlima ukabaki wa kijani. Katika orodha zangu pia, miti ni miti.

Lipo jambo lililonishangaza kuliko hesabu hizo. Wataalamu waliowanasa ndege hawa waliwapima mifupa ya miguu, wa kushoto na wa kulia. Kiumbe aliyekua vizuri miguu yake hulingana. Katika msitu ulioharibika zaidi, kama Chawia, walikuta mikesha ambao tofauti ya mguu mmoja na mwingine ni kubwa kuliko ya ndugu zao wa Mbololo. Tofauti yenyewe ni ndogo, haionekani kwa macho, lakini ni alama kwamba kifaranda alikua kwa taabu. Habari hizi zilitangazwa mwaka 2002. Msitu huonekana umesimama, kumbe shida yake imekwisha kuandikwa katika mifupa ya waliomo.

Mchana tulipanda juu ya mwamba ulio wazi, na ukungu ukaondoka kidogo. Kijana akanionyesha Mbololo, ng’ambo ya bonde la Paranga. Nikamwuliza kama ndege wa huku huenda kule kutembelea wenzao, kwa kuwa wana mabawa. Akacheka. Mkesha hapendi kutoka kivulini, na apalisi humwogopesha uwanja wa mahindi kama sisi tunavyoogopa mto uliofurika. Bonde lile, ambalo mtu mwenye miguu mizuri hulivuka asubuhi akarudi jioni, kwao ni bahari. Basi wale wa Chawia huoana wao kwa wao, na wakipungua hapana anayekuja kuwaongeza. Yule wa miwani ni jasiri zaidi, hufuata miti ya mashambani.

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba mambo ya ndege hawa hayakatwi na walinzi wa msitu peke yao, bali pia na wenye mashamba yaliyo katikati. Wakati wa kushuka tuliingia kwa mzee mmoja ambaye shamba lake linapakana na kijito. Kandokando ya maji aliacha ukanda wa miti ya asili, upana wake kama hatua ishirini. Nilimsifu, nikidhani anawapenda ndege.

“La, mwanangu,” akanijibu. “Baba yangu alitukataza kuigusa, akisema maji yatakimbia. Ndege wamejipitia wenyewe.”

Mwanawe, ambaye ni rika langu, hakukubaliana naye. Alisema mbele ya baba yake, kwa adabu lakini waziwazi, kwamba ukanda ule ungechukua mikaratusi mingi, na nguzo za mkaratusi huuzwa, na watoto wake wawili wamo shule ya sekondari. Miti ya babu hailipi karo. Mzee alinyamaza. Wote wawili wakanigeukia mimi, kana kwamba karani wa Serikali ana jibu katika mfuko wake.

Sikuwa nalo. Ningeweza kusema kwamba mkaratusi ukipandwa kijitoni hunywa maji mengi, na nilisema hivyo, nikaongeza kwamba mikaratusi ingeweza kupandwa juu ya shamba penye mawe. Mwana akasema kule juu kuna makadamia yake. Sikuwaambia kwamba mimi mwenyewe, katika shamba langu la nyumbani, niliukata ukanda kama ule nilipopata mshahara wangu wa kwanza, nikapanda mikaratusi hadi ukingoni mwa maji, na mke wangu sasa huchota mbali. Tulikunywa uji, tukazungumza habari za bei ya kabichi, na nilipoaga walikuwa hawajapatana.

Niliporudi kazini nilikuta orodha ya misitu ikingoja kunakiliwa upya. Upande wa kulia ina nafasi ya maelezo, ambayo siku zote huachwa tupu. Mbele ya Ngangao niliandika: mkesha, apalisi, na yule wa miwani. Mkubwa wangu aliuliza hao ndege wameingiaje katika hesabu za ardhi. Nikamweleza kwa kirefu zaidi kuliko alivyotaka, akaitazama karatasi tena, akaiacha kama ilivyo.