Kadi ya grafiki na betri yetu: tuulize wati kabla ya kuuliza kasi

Kwa majuma kadhaa sasa vijana wa hapa Baraka wananiuliza swali moja: kati ya kadi ya grafiki ya NVIDIA na ile ya AMD, tununue gani? Wananiuliza mimi kwa sababu natengeneza video za habari kwa kompyuta. Na wanauliza kwa woga, kwa sababu feza wanayotaka kutoa si ya mtu mmoja. Ni feza ya kikundi. Ndani ya kikundi hicho kuna wenyeji wa Baraka na kuna waliokimbia vita kule kwenye nyanda za juu za Fizi, ambao leo wanaishi katika nyumba za watu. Wanataka kufungua chumba kimoja cha kazi: video za arusi na za kwaya, picha, kuchapisha barua za shule, na kuchaji simu za majirani. Wakikosea kununua, hakuna feza ya kununua mara ya pili.

Nimewajibu wao kwa mdomo. Lakini kwa kuwa swali linarudi kila siku, nimeona niandike, na wale wasiosoma wasomewe.

Kwanza, kadi hii ni nini? Ndani ya kompyuta kuna ubongo mkuu unaofanya hesabu za kila aina. Kadi ya grafiki ni kama kundi la vibarua wengi wanaolima shamba moja kwa wakati mmoja. Kazi yao ni picha: kuonyesha michezo, kubadilisha rangi za video, kufunga video ili iingie katika simu. Kwa kuandika barua huihitaji. Kwa video ya arusi ya saa tatu unaihitaji, la sivyo kompyuta italala kazini na wewe ukikesha.

Kikundi kimegawanyika mara mbili. Upande mmoja unataka Radeon RX 580 ya AMD. Kadi hii ilitoka Aprili 2017, na ile yenye gigabaiti 8 za kumbukumbu bei yake ya kwanza ilikuwa dola 229. Leo inapatikana ikiwa imetumika, kwa bei ya chini sana kuliko hiyo. Upande wa pili unataka GeForce GTX 1650 ya NVIDIA. Hii ilitoka Aprili 2019 kwa dola 149, ina gigabaiti 4 tu, na hata ikiwa imetumika wauzaji hawaishushi bei kirahisi.

Wa kwanza wana hoja, na sitaki kuidharau. RX 580 ina nguvu zaidi. Katika michezo mingi inaitangulia GTX 1650 kwa kama robo, na kumbukumbu yake ni mara mbili. Vijana wanaotaka kulipisha watoto wa mtaa ili wacheze mpira kwenye skrini wanajua wanachosema. Mtu mwenye umeme usiku na mchana ningemwambia achukue hiyo, abakize feza mfukoni.

Lakini sisi tunaishi na jua, betri na jenereta. Kwa hiyo kuna namba nyingine ambayo muuzaji haitaji: wati. GTX 1650 inakula wati 75 ikifanya kazi kwa nguvu zote. RX 580 inakula 185.

Mama mmoja aliyehamia mtaani kwetu alitusikia tukibishana, akauliza tunagombania nini. Nilipomweleza, alicheka. Alisema hilo linajulikana kwa kila anayenunua makala sokoni: kuna mbabula inayoivisha maharagi haraka kidogo lakini inamaliza mfuko wa makala kabla ya mwisho wa mwezi, na kuna ile inayokwenda polepole na mfuko unafika. Mbabula unainunua mara moja, makala unanunua kila siku. Sikuwa na maneno bora kuliko hayo, kwa hiyo nayatumia tangu siku ile.

Tufanye hesabu kwa betri yenyewe. Chukueni betri ya volti 12 na amperi 200, aina ya risasi ambayo wengi wanayo. Ikijaa ina wati-saa 2,400. Lakini betri ya aina hiyo ukiikausha kila siku inakufa mapema, kwa hiyo tunahesabu nusu: 1,200. Tuseme kompyuta yenyewe pamoja na skrini inakula wati 100 bila kadi. Ukiweka GTX 1650, jumla ni 175, na betri inakupa karibu saa 7. Ukiweka RX 580, jumla ni 285, na betri inakupa saa 4 na kidogo. Inveta nayo inakula sehemu yake, kwa hiyo saa zote mbili zitapungua, lakini tofauti inabaki pale pale.

Mtu atasema: kadi yenye nguvu itamaliza kazi mapema, kwa hiyo itazimwa mapema. Ni kweli, ila haitoshi. Kazi inayochukua saa nzima kwa GTX 1650 ichukue dakika 48 kwa RX 580. Ya kwanza imekula wati-saa 175. Ya pili, ingawa imewahi kumaliza, imekula 228. Makala imekwisha zaidi kwa sufuria ile ile.

Sasa sikilizeni sehemu inayonigusa mimi. Tofauti kati ya kadi hizi mbili ni wati 110. Zikifanya kazi saa nne kwa siku, hiyo ni wati-saa 440. Simu moja ya kawaida inahitaji kama wati-saa 20 ili ijae, ukihesabu na zile zinazopotea njiani. Kwa hiyo kadi kubwa inameza kila siku simu 22.

Katika mji huu simu si mapambo. Mtu aliyekimbia akaacha mama yake kijijini anangoja simu. Baba aliyetengana na watoto njiani anangoja simu. Feza ya chakula kwa familia nyingi inapita kwenye simu. Radio yenyewe wengi wanaisikilizia humo. Kikundi kilisema kitachaji simu za wakimbizi kwa bei ndogo. Basi nikawauliza: siku ya mvua, wakati paneli hazijazi betri, mtazima nini kwanza, kadi au simu za watu? Heri kununua leo kitu ambacho hakitatulazimisha kuchagua hivyo kesho.

Kuna sababu nyingine, ya fundi. Kompyuta wanayoitaka ni ile ya ofisi iliyotumika, zile za Dell au HP zinazokuja kutoka Ulaya na Dubai. Nyingi zina kisanduku cha umeme cha wati 240 hadi 300, na hazina waya wa ziada wa kulisha kadi. Nafasi ambamo kadi inachomekwa inaweza kutoa wati 75, basi. GTX 1650 za kawaida zinaishi kwa hizo 75. RX 580 haiwezi, inataka waya wake. Kwa hiyo ile feza uliyofikiri umeiokoa kwa muuzaji itatoka tena kwa kutafuta kisanduku kingine, na katika Dell nyingi kisanduku cha kawaida hakiingii. Na angalieni: hata GTX 1650 kuna zilizoongezwa kasi kiwandani ambazo zina tundu la waya. Igeuzeni kadi, tazameni ubavu wake kabla ya kulipa. Kama kompyuta ni ile nyembamba, pimeni pia urefu wa kadi, kwani inahitaji kadi fupi ya umbo lake.

Je, AMD hawana kadi ndogo? Wanayo. RX 6400 ilitoka mwaka 2022 kwa dola 159 na inakula wati 53 tu. Kwa betri ni rafiki. Lakini ina kasoro mbili kwa kazi yetu. Haina ile sehemu inayofunga video kwa haraka, ambayo GTX 1650 inayo, na mtu wa arusi na kwaya anaihitaji kila siku. Tena ilitengenezwa kwa kompyuta mpya: inapita katika njia nne tu kuelekea kwenye ubao, na katika mashine ya zamani njia hizo ni nyembamba, kwa hiyo inapoteza kasi. Intel nao wana Arc A380 ya wati 75, nzuri sana kwa kufunga video, lakini ikikutana na kompyuta ya zamani inalegea kwa sababu za namna hiyo.

Kikundi chenye feza zaidi kidogo kitazame GeForce RTX 3050 ya gigabaiti 6, iliyotoka Februari 2024 kwa karibu dola 170. Inakula wati 70, haitaki waya, na ina nguvu kuliko GTX 1650. Mchunge tu jina: iko RTX 3050 nyingine ya gigabaiti 8, ya mwaka 2022, ambayo inakula wati 130. Majina yanafanana, matumbo hayafanani.

Tuje kwenye joto. Kila wati inayoingia katika kadi inatoka ikiwa joto, haina pa kwenda pengine. Mtu mzima aliyeketi anatoa joto la kama wati 100. Kwa hiyo RX 580 ikifanya kazi ni kama kuingiza watu karibu wawili zaidi katika chumba chenye mabati, saa saba mchana, pale ambapo hata upepo wa ziwa haufiki. Kadi ikipita nyuzi 80 hivi inaanza kujipunguza kasi yenyewe ili isiungue. Hapo nguvu uliyoilipia huioni tena. Wakati wa kiangazi vumbi la barabara linaziba feni, na hali inakuwa mbaya zaidi.

Dawa zipo, na hazina gharama. Fungua kompyuta kila mwezi utoe vumbi kwa brashi laini, umeme ukiwa umekatwa. Usiiweke sakafuni. Kazi nzito zifanyike alfajiri au jioni kama betri inaruhusu. Na kwa programu ya bure unaweza kuiamuru kadi isile wati zake zote: ukipunguza kwa sehemu moja ya tano, kasi inashuka kidogo tu, joto linashuka sana. Mwenye RX 580 tayari asiitupe, afanye hivyo.

Neno kwa wanaonunua zilizotumika. RX 570 na RX 580 nyingi zilitumika miaka kadhaa kuchimba feza ya kidijitali inayoitwa Ethereum, zikiwaka usiku na mchana. Tarehe 15 Septemba 2022 Ethereum ilibadilisha mfumo wake, uchimbaji kwa kadi ukaisha siku hiyo, na kadi zile zikamwagika masokoni. Ndiyo maana ni rahisi. Si zote zimechoka, lakini feni zake na ile dawa ya kupitisha joto zimechoka mara nyingi. Zungusha feni kwa kidole, sikiliza kama inakwaruza. Tena wapo wanaouza RX 580 yenye alama 2048SP, ambayo kwa kweli ni RX 570 iliyovaa jina la mkubwa wake. Na wapo wanaochukua kadi za zamani kabisa wakaziandika ndani kuwa GTX 1050 Ti. Programu ya bure inayoitwa GPU-Z inazitambua nyingi za uongo huo na kuandika wazi kwamba ni bandia. Mwambie muuzaji aiwashe mbele yako na uitazame ikifanya kazi kwa nusu saa. Akikataa, rudi nyumbani na feza yako.

Jambo moja la mwisho, na hili nalisema kama mtoto wa Kivu ya Kusini. Ndani ya vitu hivi kuna bati linaloshika vipande kwenye ubao, kuna dhahabu kwenye meno ya kuchomekea, na vifaa vingi vya elektroniki vina tantali inayotoka kwenye koltani. Bati, koltani na dhahabu vinachimbwa katika jimbo letu, na dhahabu inachimbwa hapa hapa Fizi, kule Misisi. Vinatoka kwa kilo, vinarudi kwa gramu, na bei imepanda njia nzima. Siwezi kubadilisha hilo kwa makala ya gazeti. Lakini angalau kinachorudi kwetu tukichague kwa akili zetu, kwa hesabu ya nyumba zetu, si kwa sifa za watu wenye umeme usiozimika.

Kikundi kimekubaliana kutafuta GTX 1650 isiyo na tundu la waya, na feza itakayobaki iongeze paneli moja. Wale wa michezo hawakufurahi, na nawaelewa. Nawe unayekwenda sokoni, Uvira, Bujumbura au kumwagiza mtu Kigoma, mwulize muuzaji mambo manne kwa utaratibu huu: inakula wati ngapi, inataka waya, inafunga video, na bei ni ngapi. Bei iwe ya mwisho.