Mboga za Kichina Katika Jiko Letu

Mwenyezi Mungu alipotuamrisha kula, hakutaja halali peke yake. Aliitaja pamoja na uzuri wa chakula chenyewe. Aghlabu sisi watu wa mwambao twalishika sana lile la kwanza, na la pili twalipitia juu juu. Tukishajua kwamba nyama imechinjwa kwa Bismillahi, hatuulizi tena mafuta ni kiasi gani, wala chumvi vijiko vingapi.

Haya nayaandika kwa ajili ya mama yangu mzazi. Daktari alimpima akamkuta presha imepanda, akamwambia apunguze chumvi na mafuta, azidishe mboga za majani. Ni maneno mepesi kwa daktari, lakini mazito jikoni. Mboga kwetu ni mchicha uliochemshwa hadi ukalegea, maji yake yakamwagwa, kisha ukaungwa kwa tui zito na chumvi ya kutosha. Huo ni utamu tuliorithi, nami siutukani. Ila kwa mgonjwa wa presha hauwi wa kila siku. Tukamchemshia mama mchicha mtupu usio chumvi. Akaonja mara moja, akasukuma sahani, akasema hayo ni majani ya mbuzi.

Bi mkubwa mmoja, jirani yetu hapa Unguja, ndiye aliyenionyesha njia nyingine. Yeye alipata kufanya kazi pamoja na madaktari wa Kichina, ambao wamekuwa wakija kwetu kwa zamu tangu mwaka 1964, akaona wanavyopika majani yao: moto mkali, muda mfupi.

Mama aliposikia neno Kichina alikunja uso. "Mwanangu, si ndio upishi wa nguruwe na ulevi huo?"

Swali lake lilikuwa la haki. Wapishi wengi wa China hutumia mafuta ya nguruwe, na mvinyo wa mchele hutiwa hata katika mboga. Anayekula mkahawani hana budi kuuliza. Lakini nilimweleza kwamba huko China wako Waislamu kwa mamilioni, Wahui miongoni mwao, ambao kwa karne nyingi wamepika vyakula vya nchi yao bila ya vitu hivyo viwili. Migahawa yao huitambulisha kwa neno qingzhen, maana yake safi na kweli. Basi haramu haimo katika karai wala katika moto. Imo katika kinachotiwa.

Mama akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya, pika tuone."

Chukua nusu kilo ya chainizi, ama figiri, ama mchicha. Ioshe kwa maji matatu, maana mchanga hujificha vikonyoni. Ikung'ute mpaka ikauke vyema, kwani mboga yenye maji haikaangiki, huchemka. Weka vikonyo mbali na majani mbali. Ponda punje tatu za kitunguu thomu, ukate na kipande cha tangawizi. Vyote viwe tayari kabla ya kuwasha moto. Ukishaanza, hapana nafasi ya kutafuta kisu.

Karai likishika moto barabara, tia vijiko viwili vya mafuta, kisha thomu na tangawizi, uhesabu mpaka kumi. Tia vikonyo, ugeuze kwa dakika moja. Tia majani, ugeuze dakika moja nyingine, zikizidi sana mbili. Nyunyiza chumvi kwa ncha za vidole, uepue. Utaona rangi ya kijani imekolea kuliko ilivyokuwa sokoni, na vikonyo vitalia menoni.

Faida yake ni wazi. Vitamini C huyeyuka katika maji na huharibika kwa moto wa muda mrefu. Hapa hapana maji ya kumwaga wala moto wa kukaa. Mafuta yale kidogo huusaidia mwili kupokea vitamini A iliyomo majanini. Na thomu na tangawizi huuliwaza ulimi kwa chumvi iliyopungua.

Ila jihadharini na sosi ya soya. Kijiko kimoja kikubwa kina zaidi ya gramu 2 za chumvi, na Shirika la Afya Duniani lataka mtu mzima asifike gramu 5 kwa siku nzima. Ukiitia, iwe matone, na chumvi uiache. Soma na maandishi ya chupa, kwani nyingine huongezwa alkoholi.

Mama alikula. Hakusifu, maana wazee wetu hawana haraka ya kusifu. Aliuliza tu kama imebaki.

Enyi kina mama wenzangu, mchicha wa tui tusiufukuze; tuuwekee siku yake. Siku nyingine tuwapikie wazee wetu majani yaliyo hai. Mwili ni amana, na sehemu kubwa ya amana hiyo imewekwa mikononi mwa anayeshika mwiko. Mwenyezi Mungu atujaalie riziki iliyo halali, na iliyo njema pia. Amin.